Piga Magoti, Napima

Piga magoti, kijana. Si kwa sala.
Hapa hapa, kwenye mbao za stoo, karibu na hita.
Pindo la kilti liiache sakafu kwa upana wa kidole.
Likigusa, utaonekana umeazima nguo ya baba;
likipanda, Sajini Meja Macaskill atabweka
mpaka theluji idondoke paani.

Nina pini sita mdomoni, kwa hiyo
usinichekeshe.

Hii si sketi. Litamke neno hilo mara moja tu
mbele ya wastaafu pale kantini
uone kama hutawanunulia bia hadi Pasaka.
Ni yadi nane za sufu, miraba ya kijani na buluu,
na uzi mmoja mwekundu unaopita kama mshipa.
Watakwambia uzi ule ni damu ya vita fulani.
Mimi nilimuuliza mfumaji mwenyewe.
Alisema siku ile uzi wa manjano ulimwishia.

Lakini usiwaambie. Wameshaulilia sana.

Mikunjo yote nyuma. Mbele pawe bapa,
kama uso wa hakimu.
Kabla hujaketi, pitisha kiganja nyuma,
kama bibi yako alivyofanya kanisani.
Kisu kwenye soksi ya kulia, mpini uchungulie.
Mkoba wa singa za farasi utaning'inia hapa,
na vishungi vyake viwili vyeusi: ukikosea hatua
vitakushtaki mbele ya mji mzima.
Na tepe mbili za kofia, zinazopeperuka kisogoni,
eti ni za maombolezo.
Ya nani? Kila mtu ana marehemu wake.

Geuza kiunoni, usome.
R. Chisholm. D. Rankin.
Gillis wawili, wala si ndugu.
Hapa pamefutika; pombe au jasho,
sabuni haichagui.

Unauliza nini?
Wewe Noel Sylliboy, Mmikmaki,
usiye na tone la Uskoti, unaingiaje humu?
Na mimi je? Boudreau, Mfaransa wa Cheticamp,
miaka thelathini na moja nawapigia wanaume hawa pasi
na sijui hata kuwatukania kwa lugha ya babu zao.
Wao wenyewe hawaijui.

Nitakwambia ninalolijua, nalo ni la sindano tu.
Babu zao waliondolewa milimani
ili kondoo wapate malisho.
Wakavuka bahari, wakashuka kwenye ufuko huu
wamevaa kondoo.
Babu zako walikuwa hapo, wamesimama, wanatazama.
Aliyefukuzwa naye akafukuza.
Hilo hulioni kwenye bendera, wala mpiga zumari
halipulizi akiizunguka meza ya maofisa
usiku wa nyama ya tumbo na wiski.
Ila kitambaa hakimjui nani wa nani.
Kinamjua aliyekivaa.

Tulia. Unatikisika.

Yule Rankin, wa pili humo kiunoni,
alirudi majira ya kuchipua, akataka kilti yake
kwa gwaride la Novemba.
Nikamwambia, sawa, piga magoti, nimezoea tu,
mdomo ukatangulia, macho yakafuata baadaye.
Alicheka yeye. Mimi nilimeza pini, au nilidhani.
Nikampima palepale kitini: uzi kutoka kiunoni
mpaka pale ambapo goti lingekuwa.
Upana wa kidole kimoja.
Hakuna aliyepita siku ile akiwa sawa zaidi.

Mimi husimama mbele ya duka la dawa.
Nyuso sizitazami, nyuso zina mama zao.
Natazama mapindo.

Haya, lete kalamu ile ya wino.
Jina lako refu, nitalibana; nafasi ipo
chini ya Gillis wa pili.

Simama. Geuka.
La, kushoto kumeshuka.
Rudi chini.